Mluzi wa Clarrie Tuckwell

Kondoo dume mmoja mwenye roho mbaya ndiye aliyemng'oa Clarrie Tuckwell jino la mbele, akiwa bado mvulana wa kaptula, na tangu siku hiyo mluzi wake haukufanana na wa mtu mwingine yeyote hapa Burrandeen. Ulianza juu, ukashuka taratibu kama ndoo inayoteremshwa kisimani, kisha ukakatika ghafla kwa mlio mfupi. Wavulana wengine walijaribu kuuiga wakaishia kujitemea mate kidevuni. Aliyeuweza alikuwa mmoja tu, dada yake Etty, naye kwa kuwa meno yake yalikuwa kamili ilimbidi atumie vidole viwili.

"Etty! Nikikusikia tena nakuchapa," mama yao alikuwa akifoka kutoka jikoni. "Unataka watu waseme nimezaa wavulana wawili?"

"Lakini mama, si Clarrie ndiye kanifundisha!"

"Basi nitawachapa wote, tena nitaanza na mwalimu."

Hakuwachapa. Baba yao alikuwa amekufa kwa kuanguka kutoka juu ya gari la marobota ya sufu, na yule mama hakuwa na nguvu za kufukuzana na watoto. Walikuwa na kishamba chao kando ya kijito, kondoo wachache, kuku, na uzio mrefu uliowatenganisha na ardhi ya Rupert Scobie, ambayo kwa farasi ungeanza kuivuka asubuhi ukala chakula cha mchana ndani yake.

Sasa tusimgeuze Clarrie kuwa malaika kwa sababu tu amekufa. Alikuwa mbishi, mtu wa kubishana hata na geti lililokataa kufunguka. Kanisani alikwenda siku za chai na keki. Mkate aliouoka kwenye majivu ya moto kambini ungeweza kuutumia kupigilia misumari, na wenzake waliokuwa wakizunguka naye msimu wa kunyoa kondoo walimpigia kura asiguse unga tena. Lakini mikono yake juu ya kondoo ilikuwa myepesi, mnyama alitoka mikononi mwake akiwa mweupe bila jeraha, na wanyama walimpenda. Watu pia, wengi wao.

Clarrie alimpata mbwa wake Dinah kwa bahati. Alikuwa kitoto cha mwisho cha mbwa mchungaji wa jirani mmoja, kidogo kama panya, tayari kimetiwa guniani kikazamishwe kijitoni. Clarrie alikitoa guniani, akakitia ndani ya shati, akaja nacho nyumbani kikilia. Mwaka uliofuata Dinah alikuwa jike jeusi lenye miguu ya rangi ya kutu, akili kuliko nusu ya wanaume wa mji huu, na Clarrie alimwendesha malishoni kwa maneno na kwa mkono. Ule mluzi wake hakuutumia kazini. Aliuweka kwa jambo moja tu. Kazi ikiisha, kondoo wakishafungiwa, alisimama getini akapiga, na Dinah popote alipokuwa aliacha kila kitu akaja mbio. Maana yake ilikuwa: basi, twende nyumbani.

Kwenye maonyesho ya kilimo ya mwaka ule vita vilipokuwa bado vichanga, Dinah aliingia mashindano ya mbwa wa kuchunga, akawapitisha kondoo wake watatu kwenye mageti na kwenye kidaraja, akawaingiza zizini wakiwa wametulia. Mbwa wa Scobie, aliyeletwa kwa meli kutoka Uskoti na ambaye tulikuwa tumechoka kusikia habari za ukoo wake, alimng'ata kondoo mguu akatolewa. Scobie alimjia Clarrie palepale, mbele za watu.

"Taja bei ya huyo mbwa, kijana."

"Hauzwi, Bwana Scobie."

"Kila kitu kinauzwa."

"Huyu hauzwi hata ukiniongezea farasi wako wote, na wewe mwenyewe ukaja kunisafishia viatu."

Watu waliangua kicheko. Scobie naye akacheka, lakini masikio yake yalikuwa yamewiva, na Etty aliyaona. Baadaye alisema kwamba kama angepata nafasi ya kurudisha siku moja tu nyuma, angeirudisha hiyo, amzibe kaka yake mdomo kwa kiganja.

Maana Scobie ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kuandikisha askari. Alisimama jukwaani kila juma akiwahubiria vijana wa watu habari za mfalme na heshima. Mwanawe Lionel, mwenye umri uleule wa Clarrie, kifua kama mlango wa ghala, alikuwa amebaki nyumbani kwa sababu jeshi linahitaji sufu, na sufu inahitaji msimamizi. Sababu ya Clarrie kubaki ilikuwa mama na dada wasio na mwanaume mwingine, lakini hiyo haikuhesabika.

Siku ya mnada wa mifugo, Etty alikuwa ameshika geti la zizi huku kaka yake akiwatoa kondoo. Scobie alipita na wafugaji wenzake, akasimama. Akatoa mfukoni unyoya mweupe wa kuku, alama ya woga waliyopewa wanaume wasiokwenda vitani. Akauchomeka kwenye ukanda wa kofia ya Clarrie, polepole, kama mtu anayempamba bwana harusi.

"Huo ni wa kuku wa mama yako," alisema kwa sauti ya kusikika. "Nimeuokota kwenye uzio. Nikaona bora nimrudishie kuku mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemtetea pia, na hilo ndilo Etty alilokuja kulishika rohoni. Wanaume watu wazima, waliokula nyumbani kwa kina Tuckwell, waliolala humo wakati wa mafuriko, walitazama viatu vyao. Clarrie hakuutoa ule unyoya. Aliwauza kondoo wake ukiwa kofiani, akaenda nyumbani nao, akaketi mezani nao.

"Uvue huo uchafu," mama yake alimwambia.

"Nitauvua nikivaa kofia nyingine, mama."

Baada ya siku chache alivaa ya jeshi.

Jambo ambalo Etty hakulielewa kwa muda mrefu ni kwa nini kaka yake alimkubali Scobie alipokuja kuomba kumtunza Dinah. Lakini lilikuwa na akili yake. Mwaka ule kulikuwa na ukame, wangelazimika kuuza kondoo wote, na mbwa wa kazi asiye na kazi huharibika, huanza kufukuza kuku, kisha watoto. Kwa Scobie kulikuwa na kondoo wa kutosha na nyama ya kutosha. Clarrie alimeza kiburi chake. Walikutana kwenye geti la mpakani, Etty akiwapo.

"Mtunze mpaka nirudi," Clarrie alisema.

"Mpaka urudi," Scobie alijibu, na wakashikana mikono juu ya geti. Hapa kwetu mkono ulioshikwa juu ya geti unatosha. Mtu akiuvunja, hata watoto wake hawaaminiwi.

Clarrie alikwenda. Alipigana huko Ufaransa majira mawili ya baridi, akaandika kwamba matope ya huko yangekuza ngano nzuri kama watu wangeacha kufia ndani yake. Halafu asubuhi moja Etty alikuwa anaanika nguo, akamwona kasisi anakuja barabarani na kigari chake cha farasi, peke yake, siku ya kazi, kofia mkononi. Miaka ile habari za kifo zililetwa na makasisi. Kila mwanamke wa mji huu alikuwa amejifunza kumtazama yule mzee akipita njia panda, akiomba ageukie kwa mwingine. Alinyoosha kwao. Mama alimfungia mlango. Kasisi alisimama barazani akabisha na kubisha, naye mama akisema kutoka ndani, "Sijakuita. Nenda zako. Sijakuita mimi."

Baada ya maombolezo Etty alivaa viatu vyake vizuri akaenda kwa Scobie kumtaka Dinah. Hakuwa na haja ya mbwa. Alitaka kitu kilicho hai ambacho Clarrie alikishika. Scobie alimpokea barazani, chai mezani, hakumkaribisha kuketi.

"Pole sana, binti. Kaka yako alikuwa kijana hodari."

"Nimemfuata Dinah, Bwana Scobie."

"Dinah?" Alikoroga chai yake. "Mimi na Clarrie tuliagana nimtunze mpaka atakaporudi. Wewe mwenyewe ulisikia. Sasa, amerudi?"

Etty alitaka kumwagia ile chai ya moto usoni, na angemwagia, ila mkono ulikataa kuinuka. Alirudi nyumbani kwa miguu. Tangu siku ile hakumwombea Scobie hata baraka ya mvua, na sisi tunajua maana ya mfugaji kunyimwa dua ya mvua. Alimchukia asubuhi akikamua ng'ombe, akamchukia jioni akiosha vyombo. Aliitunza chuki yake kama moto wa jiko, hakuiacha izime usiku.

Vita vilipokwisha, Harold Pascoe alirudi na mkono mmoja. Alikuwa mnyoa kondoo pia, mwenzake Clarrie kambini na kisha mahandakini, na kazi ya kunyoa kondoo haifanyiki kwa mkono mmoja, kwa hiyo siku nyingi alikuwa anakaa tu. Alikuja kuwaona kina Tuckwell. Mama alipokwenda kulala, Etty alimbana.

"Niambie alivyokufa. Si yale ya kasisi."

Pascoe alizungusha kikombe chake. "Kule chai ikifika, Clarrie ndiye aliyekuwa anatuita. Kwa ule mluzi wake wa Dinah, unaujua. Tukisikia tu, wote mbio. Luteni alikuwa anasema kikosi chake ni kundi la mbwa wa Tuckwell." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Siku ile kulikuwa na theluji. Tulirudishwa nyuma, yeye akabaki kwenye nyaya za miiba mbele ya mahandaki. Risasi za miguu. Usiku akaanza kupiga."

"Kupiga nini?"

"Mluzi, Etty. Alikuwa anatuita. Bunduki zao zilikuwa zimeelekezwa palepale, ukiinua kichwa umekwisha. Alipiga mpaka karibu na mapambazuko." Alikitazama kikombe. "Sikwenda. Hakuna aliyekwenda."

Etty hakumlaumu, na alimwambia hivyo. Lawama yake yote ilikuwa na anwani moja. Kaka yake alikuwa amelala kwenye nyaya za miiba, akiita usiku kucha, kwa sababu mtu mmoja alikosa mbwa. Watu watasema vita vilikuwa na sababu kubwa kuliko hiyo, na wana haki yao. Etty hakuwa na nafasi ya sababu kubwa.

Maonyesho ya kilimo, yaliyosimama wakati wa vita, yalirudi mwaka uliofuata, baada ya homa iliyoua wengi kupita. Ndipo Scobie alipotangaza kwamba ametoa kombe la fedha kwa mashindano ya mbwa, nalo litaitwa Kombe la Clarrie Tuckwell. Mama wa shujaa ndiye atakayelikabidhi kwa mshindi. Na Lionel Scobie ataingia uwanjani na Dinah, "mbwa wa shujaa wetu, aliyeachwa mikononi mwangu." Alilisema hilo ukumbini, mkono kifuani, na watu wakapiga makofi.

"Mama, usiende," Etty alisema.

"Nisipokwenda watasema tuna kisirani."

"Si tunacho?"

"Tunacho. Ila hakivaliwi hadharani." Mama alikuwa anapiga pasi gauni lake jeusi. "Nikae nyumbani, wampe kombe la mwanangu mtu mwingine akabidhi? Hapana. Nitalishika mimi."

Etty alimtazama akipiga ile pasi, akamwona katika mawazo akimwinulia Lionel Scobie kombe, Lionel akilipokea kwa mikono miwili mizima, na Dinah kati yao. Akajua kwamba hilo likitokea hatalala tena usingizi wa kawaida katika maisha yake. Akajua pia la kufanya.

Ni vizuri ijulikane alichokuwa anakihatarisha. Hapa kwetu utasamehewa ulevi, utasamehewa hata kuchepuka kidogo kama una adabu ya kujificha. Lakini mbwa wa mtu akiwa uwanjani na kondoo, mtazamaji hapigi kelele, hapigi makofi, hata mtoto hulishwa biskuti anyamaze. Kumpigia mluzi mbwa aliye kazini ni ushenzi usiosahaulika. Mwanamke kufanya hivyo, hakukuwa na aliyewahi hata kufikiria.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali na uwanja umejaa. Mama aliketi jukwaani karibu na Scobie, kombe mapajani. Etty alisimama kwenye uzio wa upande wa barabara, mbali na kila mtu. Lionel aliingia na Dinah.

Dinah alikuwa ameota mvi mdomoni. Alifanya kazi kwa chini, tumbo karibu na nyasi, akawapitisha kondoo watatu kwenye geti la kwanza, kwenye kidaraja, bila kosa. Lionel alimwelekeza kwa sauti, kama walivyofanya kwao siku zote. Kati ya kina Scobie hakuna aliyewahi kujiuliza mbwa huyu alikuwa akiitwaje jioni. Lilibaki zizi tu. Lionel alilishika geti wazi. Kondoo wawili waliingia. Wa tatu akasita mlangoni, Dinah akamkazia macho, mguu mmoja juu. Jukwaani, Scobie alikuwa ameshaanza kuinuka na kuvuta koti lake.

Etty akatia vidole mdomoni.

Ulianza juu, ukashuka, ukakatika. Uwanja mzima uligeuza shingo. Dinah aliganda. Kisha akampa kondoo mgongo, akaukata uwanja mbio ambazo hakuwa amezikimbia kwa miaka, masikio yamelala nyuma, na wale kondoo wakafumka kila upande, mmoja akimpitia Lionel kati ya miguu na kumbwaga chini.

"Dinah!" Lionel alipiga kelele akiwa vumbini. "Dinah! Rudi hapa!"

Mbwa aliruka uzio.

Scobie alikuja akitweta, uso umemwiva, mwamuzi nyuma yake, na nusu ya mji nyuma ya mwamuzi.

"Nani? Nani kapiga mluzi?"

"Mimi," Etty alisema.

"Una wazimu, wewe msichana! Huyo ni mbwa wangu!"

"Basi mchukue."

"Unasema?"

"Mchukue, Bwana Scobie. Mwite. Ulishikana mkono na kaka yangu juu ya geti umtunze mpaka arudi. Nilipokufuata ukaniuliza, amerudi?" Alimnyooshea kidole. "Ulimtia unyoya kofiani kwa sababu alikunyima mbwa. Wote hawa waliona, wakatazama viatu vyao. Watazame na sasa. Haya, mwite!"

Scobie alimwita. Alimwita kwa ukali, halafu kwa upole, halafu akapigapiga paja lake kama mtu anayemwita mtoto. Dinah hakugeuza hata sikio. Safari hii watu walikuwa wanamtazama yeye. Mzee mmoja, rafiki wa Scobie wa siku nyingi, aliyekuwapo mnadani, alivua kofia yake, akageuka akaondoka. Wengine wakamfuata.

"Baki na hilo jibwa," Scobie alisema. "Limezeeka hata hivyo."

"Na wewe ubaki na kombe," mama Tuckwell alisema. Alikuwa ameshuka jukwaani na hakuna aliyemwona akija. Alimtia lile kombe mikononi, kwa nguvu, mpaka akayumba. "Futa kwanza jina la mwanangu."

Etty alikuwa amesubiri saa hiyo miaka mitatu, na hatuwezi kusema uongo kwamba haikuwa tamu. Alimtazama Scobie akitembea peke yake kuuvuka uwanja, kombe limening'inia, na utamu ulimshuka mpaka tumboni.

Ndipo alipoinama kumshika Dinah, na Dinah hakuwapo miguuni pake.

Alikuwa amenusa vile vidole viwili, basi, akampita. Alikuwa nyuma yake sasa, anazunguka kati ya magari ya farasi, ananusa magurudumu, anasimama, anasikiliza, mkia ukipiga. Kisha akatoka hadi katikati ya barabara akaketi, uso ameuelekeza kule ulikotoka mluzi, akingoja Clarrie mwenyewe atokeze.

Kasisi alikuwa amepita nyumba zote. Hakuna aliyekuwa amempelekea habari mbwa.

"Dinah," Etty aliita. "Dinah, njoo, mama. Njoo kwangu."

Akasikia mtu anahema karibu naye. Ni Pascoe. Alikuwa amekaa upande wa pili kabisa wa uwanja, na alikuwa amekuja mbio, kofia imemdondoka njiani, mkono wake mmoja umeushika uzio. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga.

"Nimekuja," alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Nilijua ni wewe, Etty. Nilijua kabisa. Lakini miguu imekuja."

Etty alimshika bega. Kwa alilomfanyia Scobie hakujuta siku ile, wala baadaye, wala hata alipokuwa bibi wa nywele nyeupe. Lakini mluzi ule hakuupiga tena.

Walimngoja Dinah wote watatu, mama, Etty na Pascoe, mpaka uwanja ukawa mtupu. Hakukubali kuondoka barabarani. Mwishowe Pascoe alimbeba kwa ule mkono wake mmoja, akamtia ndani ya koti, na wakaenda nyumbani.